Herufi Nyekundu Ndani ya Kola

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinishika mkono akaniingiza kwenye vibanda vya mitumba, hapa Nakuru, tutazame nguo. Ana jicho, msichana huyo. Anaweza kutoa kwenye rundo sketi iliyokunjamana kama karatasi ya kufungia nyama, akaiweka na shati la mwanamume na mkanda wa kamba, ukashangaa kwamba ni vitu vile vile ulivyoviruka wewe. Muuzaji ndiyo kwanza alikuwa anakata kamba za mzigo mpya, na harufu ikatoka: sufu iliyolala muda mrefu, dawa ya nondo, unyevu wa nyumba ya mbali. Mjukuu wangu akainua koti la buluu.

"Shosho, ona hili. Hata limeandikwa jina la mwenyewe."

Akanigeuzia kola. Nikashika nguzo ya kibanda. Aliniuliza kama ni presha, nikamwambia ni presha.

Ulikuwa woga, ule niliodhani nimeuacha utotoni pamoja na meno ya maziwa, kumbe ulikaa tu mahali pake. Ninyi mliokulia lokesheni, kwenye vyumba vya Waafrika, siku zile za hali ya hatari, mkoloni alipowasaka wapiganaji wa msituni, mtanielewa. Watoto wetu tumewasimulia habari za waya wa miiba na malori. Woga wenyewe hatujawasimulia, kwa sababu woga wa mtoto ukiueleza unaonekana kama upuuzi. Wangu ulitokana na neno moja nililolisoma vibaya.

Mama alikuwa akifua na kupiga pasi kwa memsabu mmoja aliyekaa kule juu, mji unapoanza kupanda kuelekea Menengai. Kila asubuhi alipanda, kila jioni akashuka, na mara moja moja alishuka na furushi: gauni lililofifia kwapani, kizibao cha bwana kilichotobolewa na cheche za kiko, sketi ya binti yao aliyekuwa akisoma Uingereza. Nguo nyingine alinunua barazani kwa Mhindi, kwenye masanduku ya zile tulizoziita kafa ulaya. Sisi watoto tuliamini kwamba wenyewe wamekufa kwelikweli, wote, na kwamba huko Ulaya watu huzikwa uchi.

Mama hakuzivaa zilivyokuja. Alizitandaza kitandani akazitazama kwa muda mrefu, sindano mdomoni, kama mtu anayesikiliza. Kizibao kile cha cheche alikipunguza, akakiunga na kipande cha sketi, kikawa gauni langu la shule. Kila tundu alilifunika kwa ua dogo la uzi wa manjano, hata wenzangu wakadhani maua ndiyo yaliyokusudiwa tangu mwanzo. Tai ya bwana ikawa mkanda. Bitana ya hariri ya koti lililokwisha ikawa kitambaa cha kichwa. Jumamosi wanawake wa mistari ya vyumba iliyo jirani walikuja na vitu vyao mikononi.

"Mama Nyambura, hii sketi nitaivaa na nini?"

Mama angeishika, angeigeuza, angeipeleka mlangoni kwenye mwanga. "Ivae na ile shati yako ya kanisa, lakini usiichomeke. Na uache hizo shanga. Nguo moja ikiongea, zingine zinyamaze."

Waliondoka wakitembea tofauti na walivyokuja. Mimi nilikaa chini ya meza nikiokota nyuzi, na nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba mama yangu ni mtu.

Baba alichukuliwa kabla meno yangu ya mbele hayajang'oka. Hakukuwa na kelele. Walimwambia apande lori pamoja na wanaume wengine wa mstari wetu, akapanda, na shati lake jeupe likabaki kwenye kamba likikauka. Jioni mama alilianua, akalipiga pasi, akalikunja. Baada ya miezi mingi bila barua akaanza kulivaa mwenyewe, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na juu yake koti la buluu la yule binti wa memsabu. Lilikuwa koti zito la shule. Mama alikuwa mdogo wa mwili, likamkaa kana kwamba fundi alimpima. Aling'oa vifungo vya shaba vyenye nembo, akaweka vya mfupa, vinne, hakuna kilichofanana na kingine. Mvua ikinyesha lilinuka kama kondoo. Lilipokuwa kavu lilinuka makaa ya pasi na mama mwenyewe.

Mwaka ule nilikuwa nimejua kusoma, na nilipokwisha kujua sikuweza kuacha. Nilisoma magunia, makopo ya mafuta, maandishi ya chokaa kwenye ukuta wa stesheni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kila herufi hutamkwa, hakuna inayokaa bure, nami nikaichukua kanuni hiyo nikaipeleka kila mahali.

Ijumaa moja mchana gari la kipaza sauti lilipita polepole kati ya mistari. Upepo ulikuwa ukileta vumbi jeupe la ziwani, na sauti ikaja nalo, imekwaruzika. Ilisema mkutano wowote ni haramu. Kiapo ni haramu. Kumpa mtu wa msituni chakula, dawa au nguo ni haramu. Atakayekutwa na kitu haramu nyumbani kwake atachukuliwa. Neno hilo nililijua kwa jirani yetu, Mama Zuhura, Mnubi aliyekuwa na cherehani ya mkono. Alilisema kuhusu nyama ya nguruwe na pombe, na akilisema alitema mate pembeni. Sikujua kwamba serikali nayo ina haramu zake. Niliingia ndani nikarudisha mlango, na kwa kuwa mama alikuwa kazini, nilichukua koti lake nikajifunika kichwa.

Ndani ya kola kulikuwa na utepe mweupe, mwembamba, wenye herufi nyekundu zilizofumwa. Nilikuwa nimeuona mara nyingi bila kuujali. Sasa, pua yangu ikiwa karibu kuugusa, niliusoma herufi kwa herufi, midomo ikitembea. P. HALLAM. Hiyo P sikujua ni ya nini. Lile neno nililijua. Katika vinywa vyetu nyumbani L na R zilikalia kiti kimoja. Tuliomba lehema na tukala wari, na hakuna aliyeona ajabu. Halamu, haramu, kwangu lilikuwa neno moja.

Koti la mama lilikuwa limeandikwa haramu, kwa rangi nyekundu.

Nilifungua sanduku. Sketi: haramu. Blauzi ya kola ya mviringo: haramu. Sweta ya kijivu, na hata fulana niliyolala nayo mwenyewe, haramu, haramu. Nguo tano. Mwili uliniwasha kana kwamba nimevaa upupu. Nilidhani nimeelewa kila kitu: kwa nini memsabu alitoa nguo nzuri namna ile, na kwa nini baba alichukuliwa. Bila shaka yeye pia alikuwa na utepe mahali fulani na hakujua. Mama hakujua kusoma. Kila siku ya baridi alipita mbele ya askari wa geti la lokesheni na neno hilo limelala shingoni pake.

Nilichukua wembe wa kukatia nyuzi. Mishono ilikuwa midogo na migumu, na kwenye utepe wa tatu wembe uliteleza ukaniingia dole gumba. Nililifunga kwa kitambaa nikaendelea. Kutupa tepe hizo chooni niliogopa, nilidhani zitaelea juu zikisomeka. Kuzichoma niliogopa moshi. Mwishowe nilifumua pindo la gauni langu, nikazisukuma ndani zote tano, nikashona nilivyoweza. Mama aliporudi aliuliza kuhusu kidole. Nilisema ni kopo. Usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyolala kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimemwokoa.

Jumatatu, jua likichomoza na mama akiwa bado hajatoka kwenda kazini, walizunguka lokesheni. Tuliambiwa kila mtu asimame nje ya mlango wake. Walikwenda chumba kwa chumba, na ulisikia kila walipofika kwa vitu vilivyoanguka. Kwetu aliingia askari mmoja kijana, na nyuma yake mzungu aliyevaa kaptula, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mama aliitwa ndani. Mimi nilimfuata nimeshika sketi yake.

Askari alizitoa nguo kwenye sanduku moja moja akazitupa kitandani. Alipofika kwenye koti akasimama, akalipima uzito mkononi.

"Hii umetoa wapi?"

"Nimepewa na memsabu. Nafanya kazi kwake."

"Barua?"

"Hakunipa barua. Angalia ndani ya kola, imeandikwa."

Sijawahi kusahau furaha niliyoipata pale. Mama, ambaye hakujua kusoma, alikuwa amejipeleka mwenyewe mbele ya lile neno, na mimi nilikuwa nimeshaliondoa. Nilimtazama askari akigeuza kola, nikakaribia kucheka.

Mzungu alilichukua koti akapitisha kidole kwenye vitundu vya uzi. Akachukua sketi. Akachukua blauzi, sweta, fulana. Alisema kitu kwa Kiingereza, pole pole, bila hasira.

"Anauliza ni nani ametoa tepe," askari akasema.

Mama alinyoosha mkono akapewa koti. Alikitazama kile kijimstari cha matundu, pale sufu ilipokuwa bado na rangi yake ya kwanza. Kisha aliteremsha macho, taratibu, hadi kwenye dole gumba langu. Nilisikia Mama Zuhura akikohoa nje.

"Ni mimi," mama akasema. "Ilikuwa inanikwaruza shingo."

"Zote tano?"

"Zote."

Askari alimtafsiria mzungu, mzungu akatikisa kichwa, akageuka kutoka. "Koti kama hii ndiyo inatakiwa huko msituni," askari akamwambia mama, karibu kwa kumhurumia. "Utaenda kueleza mbele. Chukua kitu ya kujifunika."

Tepe zilikuwa magotini pangu, ndani ya pindo. Nilizihisi zikipiga kama moyo. Nilijua kwamba nikisogea zitasikika, na kwamba zikionekana watamnyonga. Kwa hiyo nilisimama kimya, nikiwa na kitu pekee ambacho kingemrudisha ndani ya nyumba yake, nikikificha kwa nguvu zangu zote. Mama aliinama kunifunga kifungo cha shingoni.

"Nenda kwa Mama Zuhura," akasema. Kisha, chini zaidi, "Na usitoe hiyo kitambaa kwa kidole mbele ya mtu."

Nilidhani anajali kidonda.

Kwa Mama Zuhura nilikaa kwenye pembe kati ya cherehani na ukuta. Kila lori lilipopita barabarani nilikunja miguu nikalifunika pindo kwa viganja. Nguo za mama zilikuwa zimechukuliwa kwenye gunia, zilizokuwa na utepe na zisizokuwa nao, na mlango wetu umewekewa kufuli. Mama Zuhura alinipikia uji, akaweka sukari, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, nao ulifika kooni ukarudi. Wanawake walikuja kumuuliza kuna habari gani, naye akawajibu kwa sauti ya chini, na mimi niliyajaza maneno nisiyoyasikia kwa mambo mabaya kuliko waliyosema.

Siku ya nne alisema gauni langu linanuka, nilivue alifue. Nikakataa. Alilishika pindo kunivuta, na vidole vyake vya fundi vikasimama.

"Humu mna nini?"

"Usifungue, Mama Zuhura. Ni haramu."

Alinitazama, kisha akachukua mkasi akakata mshono wangu wa ovyo, na tepe zikamwagika kwenye kiganja chake. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa bado amezishika, hajatema mate.

"Nani kakwambia hizi ni haramu?"

"Zimeandikwa."

"Mimi herufi za kizungu sizisomi. Lakini tepe hizi nazijua, nimeshona nyingi sana kwenye nguo za watoto wao. Ni jina la mtoto, ili nguo isipotee shuleni. Nisomee."

Nilisoma. Akaniambia nisome tena, polepole, nikasoma, Ha-la-mu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nyambura," akasema, "yule memsabu wa mama yako anaitwa Bibi Halamu."

Nilikwenda nje nikatapika kwenye mfereji. Hadi leo, katika uzee huu, nimefiwa na mume na nimefiwa na mtoto, lakini sijui kama nimewahi kuogopa jinsi nilivyoogopa pale kwenye mfereji, nilipojua kwamba kitu nilichokuwa nakikimbia nilikuwa nimekitengeneza kwa mikono yangu.

Mama Zuhura alivaa buibui lake jipya, akanishika kwa kifundo cha mkono kama mtu anayemshika kuku, tukapanda. Sikuwa nimewahi kufika kule juu. Kulikuwa na maua kila upande na hakuna mtu. Memsabu alisimama kwanza nyuma ya wavu wa mlango, kisha akafungua akatoka barazani. Nilikuwa nimemfikiria mkubwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyobabuka, na kiunoni, juu ya gauni la maua, alikuwa amefunga bastola. Mama Zuhura alimweleza. Memsabu alizichukua tepe, akazipanga moja moja kwenye ukingo wa baraza, akazilainisha kwa kidole.

"Hii jina ya mtoto yangu," akasema. "Pamela. Ndiyo, mimi nilipa mama hii nguo. Mimi najua yeye."

Aliandika barua pale pale, amesimama. Mama Zuhura akamwomba, kwa adabu, kama angeweza kwenda mwenyewe kituoni, kwa kuwa neno lake ni zito. Memsabu alitazama barabara inayoshuka mjini, akaendelea kuitazama, na nikauona uso wangu juu ya uso wake. Naye alikuwa anaogopa. Sikujua kwamba wanaogopa. Badala ya kunituliza, jambo hilo lilinimaliza, kwa sababu nilidhani angalau upande mmoja una usalama.

"Peleka barua," akasema. "Na ambia mama, yeye hapana rudi kazi mpaka mambo iko sawa."

Barua ilifika. Mama alikaa huko siku nne zaidi. Alirudi mchana, kwa miguu, nywele zimenyolewa ovyo, shati la baba halina hata kifungo kimoja, ameliziba kifuani kwa mkono. Gunia la nguo halikurudi. Kazini pia hakurudi, kwa sababu mambo yale ya memsabu hayakuwa sawa kwa miaka. Alikaa kitandani, akaomba maji, akanywa. Nilisimama mbele yake.

"Mama, ni mimi nilitoa."

"Najua."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nani?"

Alivuta mkono wangu, akafungua kitambaa, akatazama kidonda kikianza kukauka. Hakunipiga. Hakuniuliza kwa nini, na niliogopa sana kumweleza, kwa hiyo habari ya neno lile alikuja kuisikia kwa Mama Zuhura. Nilimsikia mama kupitia ukuta akicheka mara moja, kwa ufupi.

Jumapili nilikataa kutoka nje. Nilishika mguu wa kitanda. Mama alikuwa ameazima vitu kwa majirani, wale wale wa Jumamosi: sketi ya huyu, kitambaa cha yule, sweta ya kijani ya Mama Zuhura iliyokuwa kubwa kwake. Alikuwa ameikunja mikono, akaibana nyuma kwa pini mbili. Nywele zile zilizoharibiwa alizifunika, akaacha masikio wazi, na alionekana kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Alikaa sakafuni karibu nami.

"Unaogopa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ogopa tu. Lakini funga vifungo kwanza."

Tulitoka. Getini kulikuwa na askari wawili, mmoja ameketi. Aliyesimama akasema, "Wewe mama, simama hapo," akanyoosha mkono apewe karatasi. Alizisoma kwa muda. Akamtazama mama kutoka kichwani hadi miguuni, sketi, sweta, kitambaa, kama anayetafuta mahali pa kushika. Mimi nilihisi joto likinishuka miguuni kabla sijajua ni nini. Mkojo uliingia kwenye viatu, ukatoka ukachora mstari kwenye vumbi, na gauni langu likawa na doa kubwa nyuma. Wasichana wakubwa wa mstari wa nyuma walikuwa kwenye foleni, wakinitazama.

Mama alitoa pini zile mbili akaziweka mdomoni, akavua sweta, akaizungusha kiunoni mwangu, akafunga mikono yake mbele. Alirudi hatua moja akanitazama, kichwa kimeinama upande. Kisha akalisogeza lile fundo kushoto, akalivuta kidogo. Alifanya hivyo bila haraka, askari akiwa amesimama na karatasi zetu mkononi, mpaka askari akazirudisha.

Tukaenda kanisani. Nilikaa na sweta kiunoni ibada nzima.

Jumapili iliyofuata wasichana wawili wa mstari wa nyuma waliingia kanisani wamefunga sweta viunoni, fundo upande wa kushoto kama langu, wakiringa. Mama aliwaona. Alininyooshea kitabu cha nyimbo, akaniambia nisimame wima.